Mlango Usio na Fremu

Kuna nchi moja ambayo ukiuliza jina lake utaambiwa jina limepangishwa kwa wawekezaji mpaka mwaka utakaotangazwa. Basi tuiite Nchi, wenyewe wataitika. Nchi hiyo haikuwa na shida ya nyumba. Jambo hilo lilisemwa redioni kila Jumatatu, baada ya hali ya hewa na kabla ya matangazo ya vifo. Shida iliyokuwapo, alieleza Waziri wa Makazi na Matumaini, ilikuwa ya wananchi, ambao walitokea kuwa wengi kuliko walivyokadiriwa.

Mmoja wa hao waliozidi alikuwa Mwajabu, msusi, mke wa Kibwana fundi baiskeli. Alikuwa amepanga chumba na sebule kwa Mzee Kondo, akiishi humo na mumewe, mabinti zake watatu, mkubwa wao Rukia, na mama mkwe wake Bi Nunu, aliyekuja kusalimia kwa siku tatu miaka saba iliyopita. Hao ni wale wa kulala. Wa kushinda walikuwa hawahesabiki, kwa sababu Mwajabu alisukia barazani, na kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwa msusi kwa saa tano, mdomo hauwezi kukaa bure. Kila kilichotokea mjini kilifika baraza lile kabla hakijamalizika kutokea. Mwajabu mwenyewe alikuwa hivyo: nyumba isipokuwa na watu alihisi kama anaumwa.

Sasa Jumatatu moja redio ikatangaza kwamba Serikali imeamua kodi za nyumba zishuke. Watu walipiga vigelegele. Kesho yake asubuhi Mzee Kondo alikuja barazani na kofia yake mkononi, kama mtu aliyeleta posa.

"Mama Rukia," alisema, "umesikia habari njema?"

"Nimesikia, baba. Hongera kwetu."

"Hongera sana. Ndiyo maana nimekuja kukwambia kuwa kodi yako imepanda mara mbili."

Mwajabu aliacha kusuka. Mteja wake, ambaye hakutaka kupitwa, aligeuka na chanuo kichwani.

"Imepanda? Si wamesema ishuke?"

"Itashuka," Mzee Kondo alisema kwa upole. "Lakini itashukaje, mwanangu, nayo iko chini? Lazima kwanza tuipandishe, ipate mahali pa kushukia. Mimi na Serikali yangu hatupingani. Ukishindwa, tarehe thelathini naomba chumba changu."

Wenye nyumba wote wa mji walikuwa wameelewa tangazo vivyo hivyo. Watu wanaotii Serikali huelewana bila hata kukutana.

Jioni hiyo ndugu walikaa kikao. Ikaonekana kwamba, nyumba isipopatikana, Kibwana atalala katika kibanda chake cha baiskeli, mabinti watapelekwa kwa dada yake Mwajabu mkoani, na Bi Nunu atarudi kwa mdogo wake wa kiume, mtu ambaye hakuwa amesema naye tangu msiba wa shangazi yao. Mwajabu aliwaacha wamalize, kisha akasema neno moja tu: hatutawanyiki. Akajifunga kanga, akaenda kumtafuta dalali.

Dalali Mfaume alimwonyesha vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa kizuri ila kilikuwa kimekaliwa, na wenyewe walikuwa mezani wakila, wakawakaribisha. Cha pili kilikuwa chumba masta, maana yake choo kilikuwa ndani. Kilikuwa ndani kiasi kwamba kitanda ungekiweka humo humo. Cha tatu walikitazama kwa mbali.

"Mbona hatusogei?" Mwajabu aliuliza.

"Dada yangu, hela ya kuonyeshwa uliyonipa ni ya kuonyeshwa kwa mbali. Ya karibu ina bei yake."

"Mfaume, nilimsuka mama yako siku ya harusi yako ya kwanza."

"Na ya pili ulimsuka tena, nakumbuka, Mungu akubariki. Ndiyo maana nakupa ushauri bila kukutoza. Nenda Wizarani. Wanagawa nyumba za bei ya mwananchi. Mimi mwenyewe nimejiandikisha."

Wizara ya Makazi na Matumaini ilikuwa na ghorofa tisa. Ya Makazi ilikuwa moja, nane zilizobaki zilikuwa za Matumaini. Mwajabu alipanga foleni siku mbili, akatoka nayo na marafiki kumi na wawili na miadi minne ya kusuka. Siku ya tatu akafikishwa mbele ya Bwana Lugano, Mkadiriaji Mkuu wa Uwezo. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya kusomea wosia.

"Nchi zingine," Bwana Lugano alianza, kwa kuwa hakuna mtu aliyehudumiwa pale kabla ya utangulizi, "hujenga nyumba kwanza, halafu huangalia nani ataimudu. Hilo ni kosa la kitaalamu. Sisi tunaanza na mwananchi. Tunapima uwezo wake, kisha tunampa makazi yanayolingana nao, si zaidi wala si pungufu. Unakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Ya tatu wageni wakija."

"Wageni huja?"

"Kila siku."

"Basi ni mara tatu," alisema, akaandika. "Uwezo huo. Mna viti vingapi?"

"Viwili, na ndoo."

"Ndoo hukaliwa?"

"Ikigeuzwa."

Aliandika viti viwili na nusu. Akapiga hesabu kwa kalamu zote tatu, kila moja na rangi yake, akagonga muhuri, akamkabidhi Hati ya Makazi Yanayolingana. Mwajabu aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

"Hapa pameandikwa mlango."

"Hongera."

"Mlango wa nyumba gani, bwana?"

"Mlango, mama. Nyumba ni daraja jingine. Kwa uwezo wako unamudu mlango mmoja wa mbao, wenye kitasa na ufunguo. Kuna aliyetoka hapa sasa hivi na bawaba."

"Na fremu yake?"

Bwana Lugano alimtazama kama mtu aliyeulizwa mshahara wake. "Fremu," alisema, "ni za watumishi wa umma."

Mwajabu alisaini. Lakini msusi ni mtu wa kuhesabu nywele, na kabla ya kusaini alisoma masharti yote kumi na tisa, hata yale ya maandishi madogo. Sharti la kumi na nne alilisoma mara mbili: *Mpangaji hatatenganishwa na mlango wake. Mlango utakuwa pale alipo mpangaji, wala si pengine.* Aliona ni maneno ya maana sana kwa kitu kisicho na maana. Akajitwika mlango wake kichwani, akarudi mtaani huku watu wakimpisha.

Tarehe thelathini ilifika kama kawaida yake. Mwajabu na watu wake walihamia kiwanja kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni, mahali palipokuwa na bango kubwa limeandikwa: HAPA ZITAJENGWA NYUMBA ZA BEI YA MWANANCHI. Bango lilikuwa la kizamani hivi kwamba Waziri aliyechorwa juu yake alikuwa baba wa Waziri wa sasa. Kibwana aliuegemeza mlango kwenye nguzo ya bango, akauwekea jiwe chini usianguke. Mbele ya mlango wakafagia. Nyuma ya mlango wakatandika mikeka, wakapanga masufuria, wakatundika turubai. Ukuta haukuwapo upande wowote.

Asubuhi ya kwanza alikuja mteja, mke wa mwokaji mikate, kusukwa mtindo wa twende kilioni. Alitembea kwenye uwanja ule mweupe, akamwona Mwajabu waziwazi, wakapungiana mikono. Akafika kwenye mlango. Akasimama.

"Hodi."

"Karibu," Mwajabu alisema.

Mama yule akashika kitasa, akafungua, akaingia, akafunga. Mlango uliyumba, akaushikilia mpaka ukatulia. Halafu ndiyo wakasalimiana.

Hivyo ndivyo walivyo watu wa Nchi ile. Wanaweza kunyang'anywa kuta na paa, lakini huwezi kuwafanya waingie kwa mtu bila hodi. Unabisha mara tatu. Usipojibiwa ya tatu unaondoka, hata kama mwenye nyumba unamwona anakula. Siku moja Kibwana alikuwa na haraka, akapita pembeni ya mlango na gurudumu begani. Bi Nunu alimwita arudi.

"Kibwana, ulizaliwa na nani wewe?"

"Na wewe, mama."

"Mimi sikuzaa mtu wa kuingia ubavuni. Toka nje."

"Nje wapi, mama?"

"Pale ulipokuwa."

Akatoka, akazunguka, akapiga hodi. Bi Nunu alichelewa kidogo kumkaribisha, ili afunzike.

Kwenye mikono ya msusi habari hazikawii. Wiki ya pili mteja mmoja, akiwa ameinamishwa shingo, alisema kwamba kwao kuna mjane aliyepewa dirisha na Wizara, lenye vioo, analiweka chini ya kitanda cha watu. Mwingine akasema kaka zake wawili walipewa mabati tisa. Kuna mzee kapewa ukuta, ukuta mmoja tu, wa mashariki. Kuna Mwalimu Haule, aliyefundisha jiografia miaka thelathini, yeye alipewa korido. Alichokipata mkononi ni karatasi tu, imeandikwa *korido moja, upana futi tatu, urefu utathibitishwa.*

"Waambie waje," Mwajabu alisema.

"Waje kufanya nini?"

"Kwanza waje. Watu wakikaa pamoja hawakosi la kufanya."

Wakaja. Mjane akaja na dirisha, ndugu wakaja na mabati, kuta zikaja moja moja, zingine zimebebwa na wapwa. Mwenye bawaba alipokelewa kwa shangwe kama bwana harusi. Katika siku kumi na moja familia kumi na moja zilisimamisha nyumba, haikuwa nzuri wala mbaya, ila upande mmoja ulikuwa wa rangi ya samawati na mwingine wa matofali. Korido ya Mwalimu Haule ilipitishwa katikati, na kwa kuwa ilikuwa yake, hakuna aliyepita bila kumwamkia. Siku ya kwanza peke yake aliamkiwa mara mia mbili, akaanza hata kunenepa. Kilichokosekana kilikuwa fremu tu. Mlango wa Mwajabu ulisimama kwenye nafasi yake, umefungwa kwa kamba na bawaba ile moja, chini jiwe. Ulifunguka vizuri. Kufungika ndiyo ulikuwa haufungiki.

"Afadhali," Mwajabu alisema. "Nani afungiwe?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na nyumba iliyojaa kwa kiwango alichokipenda. Mabinti zake walilala kwenye mkeka mmoja na watoto wa nyumba tatu. Bi Nunu alipata wapinzani watatu wa rika lake wa kubishana nao msiba upi ulikuwa na chakula kingi. Chungu kimoja kilipikwa na wanawake sita, na kila mmoja alikitia chumvi.

Hodi ya Bwana Lugano ilisikika siku ya kumi na tano tangu nyumba isimame.

"Karibu," Mwajabu alimjibu, maana alikuwa mgeni.

Aliingia na kalamu zake, akazunguka, akaamkia koridoni kama wengine, akapewa chai, akanywa. Akaandika kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Wizara inawashukuru. Ilani ya uchaguzi iliahidi nyumba, na sasa nimeiona."

"Sisi ndio tumeijenga, bwana."

"Ndiyo. Kwa mlango wa Wizara, dirisha la Wizara na mabati ya Wizara. Ushirikiano huo."

Wiki haijaisha, barua ikaja. Mwalimu Haule aliisoma kwa sauti, akisimama kila alipoona kosa la uandishi. Ilisema kwamba kufuatia kukamilika kwa Mradi wa Nyumba za Bei ya Mwananchi, Awamu ya Kwanza hadi ya Mwisho, tathmini imefanyika. Nyumba imeonekana kuwa na kivuli, majirani wema na hali ya uchangamfu, mambo ambayo yameipandisha thamani. Kwa masikitiko, Wizara imebaini kwamba hakuna hata mmoja wa wakazi anayelingana nayo. Jumamosi Mheshimiwa Waziri ataifungua rasmi na kukabidhi ufunguo kwa familia inayolingana, ambayo kwa bahati ni ya shemeji yake. Wakazi wa sasa wahame kwa amani kabla ya utepe kukatwa.

Hakuna aliyelia. Mjane wa dirisha alikwenda kulishika dirisha lake. Bi Nunu alianza kukunja kanga zake kimyakimya, na huo ukimya ndio uliomtisha Mwajabu, kwa kuwa hakuwa amewahi kuusikia. Jioni ya kikao kile cha kwanza ikamrudia kichwani: kibanda cha baiskeli, mkoani, yule mdogo wake Bi Nunu aliyenuniwa. Akalifungua sanduku, akaitoa hati yake, akaenda Wizarani, akapanga foleni.

"Bwana Lugano, tumeambiwa tuhame. Ni kweli?"

"Kwa amani."

"Tuhame na vitu vyetu?"

"Na vitu vyenu vyote," alisema Bwana Lugano. "Asibakishe mtu hata kijiko. Mheshimiwa hapendi kukuta mabaki ya watu."

"Niandikie."

Akamwandikia. Aligonga hadi muhuri, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuacha karatasi bila muhuri.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Bendi ya polisi ilipanga matarumbeta, viti vya wageni vikavalishwa nguo, shemeji wa Waziri akaja na familia yake na makochi matatu ndani ya lori. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka nguzo ya bango hadi kitasa cha mlango. Waziri alipanda jukwaani, akavaa miwani, akafungua hotuba ya kurasa arobaini na mbili. Wote waliojua mambo waliegemea vizuri.

"Ndugu wananchi," alisoma, "nyumba si kuta. Nyumba si paa."

Alipofika hapo, ndugu wawili waliteremsha mabati.

"Nyumba si dirisha," aliendelea Waziri, na mjane akapita na la kwake kifuani, amelifunika kanga. Watu wakapiga makofi. Waziri alidhani ni ya hotuba, akarudia sentensi. Kuta ziliondoka kwa utaratibu, ya mashariki ikiongoza. Mwalimu Haule alitembea koridoni kwake mara ya mwisho, akaitikia salamu mbili, kisha akakunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni. Bendi, ambayo iliambiwa ianze muziki watu wakisimama, iliona watu wamesimama, ikapiga. Kwenye ukurasa wa thelathini na tisa ulikuwa umebaki mlango peke yake, na utepe.

Kibwana alimsogelea mlinzi wa Waziri. "Kaka, naomba unishikie hapa," akamwekea mkononi ncha ya utepe aliyoifungua kwenye kitasa. Mlinzi akashika, kwa kuwa alifundishwa kushika. Mwajabu akaondoa jiwe kwa mguu, akamwinamia mumewe amtwishe.

"Wewe mama," Bwana Lugano alinong'ona, jasho limemtoka. "Unakwenda wapi na mlango?"

"Nahama, bwana. Kwa amani, na vitu vyangu vyote." Akamwonyesha karatasi yenye muhuri wake, halafu hati, kidole kikiwa kwenye sharti la kumi na nne. "Na huu haukai mahali nisipokuwapo. Mliandika wenyewe."

Bwana Lugano alisoma. Maandishi yalikuwa yake. Akapisha.

Waziri alimaliza, akavua miwani, akatazama. Mbele yake kulikuwa na uwanja, mlinzi aliyeshika utepe, na shemeji yake aliyekaa juu ya kochi. Lakini mkasi ulikuwa umeshaletwa kwenye sinia, na kamera zilikuwa zinawaka. Akakata. Akamkabidhi shemeji ufunguo, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba nyumba imefunguliwa.

Familia kumi na moja zilisimama tena ng'ambo ya mto, kwenye yadi ya reli isiyopita treni. Safari hii ilichukua siku nne tu, wameshazoea. Ukuta wa mashariki ukawekwa magharibi, kwa kubadilisha hewa. Mlango ukaegemezwa, jiwe likawekwa.

Yaliyotokea Wizarani Mwajabu aliyapata kwa mke wa dereva wa Waziri, aliyekuja kusuka mabutu. Ilibidi mtu awajibike kwa nyumba iliyopotea. Waziri aliwajibika kwa kuunda tume, na tume ikamwajibisha Bwana Lugano. Akatolewa kwenye nyumba ya Serikali na kwenye cheo chake. Wakampima uwezo kwa kalamu zake mwenyewe, wakampa hati.

"Kapewa nini?" Mwajabu aliuliza.

"Hilo sikulisikia."

Alhamisi asubuhi, Mwajabu akiwa katikati ya kichwa cha mtu, sauti ya kusomea wosia ilitoka nje ya mlango.

"Hodi."

Nyumba nzima ilisikia. Chungu kiliacha kukorogwa. Kupitia pengo la pembeni walimwona: Bwana Lugano, shati limechafuka, begani amebeba fremu ya mlango ya mbao ngumu, kichwa chake kimepita katikati, kama picha ya mtu iliyotundikwa ukutani. Pengo lilikuwa la kutosha watu wawili kupita. Hakupita.

"Mtu yupo," Bi Nunu alisema.

"Namsikia, mama."

"Hodi tena," alisema Bwana Lugano.

Mwajabu alisuka. Ilikuwa imebaki hodi moja, na wote walijua, na aliyeijua zaidi ni yule wa nje, kwa maana alikuwa akihamisha fremu kutoka bega hili kwenda lile, asiitumie ile ya mwisho. Mjane aliangalia dirisha lake. Mwalimu Haule alisimama koridoni, akajiweka vizuri mahali pa kuamkiwa.

"Bwana wee," Mwajabu alisema bila kuinua kichwa, "unakula mara ngapi kwa siku?"



"Mara moja," Bwana Lugano alijibu. "Ya pili nikikaribishwa."

"Una viti?"

"Sina. Nina kalamu tatu."

Mwajabu alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akaufunga ncha, akaukagua. Akamtazama Bi Nunu, na Bi Nunu akasogeza mkeka wake kwa upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Karibu," alisema. "Ila tangulize fremu."

Kibwana aliipigilia mchana ule ule, na jiwe wakalitupa mtoni. Habari nilizonazo mimi zinaishia kwa mteja aliyepita huko juzi: anasema mlango ule sasa unafungika sawasawa, hadi kitasa kinalia, na kwamba hajawahi kuukuta umefungwa.